Unachumia Nani?

Sikiza vile Nairobi inaongea kuhusu pesa. Mtu akipata kazi ya maana, akatoka bedsita ya Kangemi akahamia Kileleshwa kwa nyumba iliyo na lifti, hatusemi ametajirika. Tunasema ameomoka. Ama amejipata. Ama ametoboa. Yule ambaye mambo bado atakwambia mwenyewe, "Sijajipata, lakini nitatoka tu." Maneno haya yako kwa matatu ya 46 ikielekea Kawangware, yako kwa matangazo ya kamari, yako kwa mahubiri ya Jumapili na chini ya picha za watu wakiwa Diani. Ni maneno matamu. Yana mwendo, yana njaa, yana ucheshi. Lakini yote yana tabia moja: ndani yake hakuna mtu mwingine.

Kiswahili kwa kawaida hupenda kujua nani amemfanyia nani nini. Unabandika kipande kidogo mwishoni mwa kitenzi na mara moja mambo yanajulikana. Ukisema umepika, sawa. Ukisema umepikiwa, tunajua kuna mtu alikuwa jikoni. Ukisema mmepikiana, tunajua leo ni kwako na kesho ni kwake. Sasa jaribu hivyo na "omoka". Ameomokea nani? Ameomokewa na nani? Ni lini mara ya mwisho ulisikia mtu akisema, bila kucheka, kwamba amemwomosha jirani yake? "Kujipata" ni kali zaidi: aliyepotea ni yeye, aliyetafuta ni yeye, aliyepatikana ni yeye. Sisi wengine tulikuwa tunapita tu. Na "kutoboa", neno ambalo Dar na Nairobi zinalitumia pamoja, linaleta picha ya ukuta. Mtu anatoboa, anapita, ukuta unabaki pale pale. Anayefuata atafute msumari wake.

Nataka tuyasome maneno haya vile tungesoma riwaya, kwa sababu nadhani kuna kazi yanatufanyia bila sisi kuiomba. Yanatuficha mlipaji. Pesa ya mtu huwa imetoka kwa mkono wa mtu mwingine: kwa mteja, kwa mfanyakazi, kwa mzazi, kwa kodi, kwa yule aliyepoteza dau ili wewe ushinde. Kitenzi kinaweza kumtaja huyo mtu ama kinaweza kumnyamazia. Sisemi maneno ya zamani yalikuwa safi. Mengine yalikuwa na damu. Ninachouliza ni kila neno la utajiri linamweka nani kwenye mwanga na linamwacha nani gizani.

Anza na neno la kawaida kabisa, "tajiri". Limetoka Kiarabu, ambako ni mfanyabiashara. Pwani bado lina harufu hiyo. Dereva wa lori Mombasa akisema tajiri amepiga simu, hazungumzii bilionea fulani wa kwenye gazeti. Anazungumzia mwenye gari, mtu anayemlipa. Kwa matumizi hayo huwezi kuwa tajiri peke yako, kama vile huwezi kuwa mjomba peke yako. Mtu ni tajiri wa mtu. Nairobi ililichukua neno hilo ikakata ile kamba: huku tajiri ni mtu mwenye pesa nyingi, basi, na yule anayekulipa tukampa jina lake, mdosi.

Kuna neno lingine lililovuka bahari likiwa na maana hiyo hiyo. "Bepari" ni Kigujarati, na kule nako ni mfanyabiashara. Lilikuja na watu wa duka, wale waliojenga ile mitaa ya biashara ambayo kila mji wa Afrika Mashariki unayo. Barabara tunayoiita Biashara Street leo iliwahi kuitwa Bazaar Street. Kwa hivyo tuna maneno mawili, kutoka pande mbili za Bahari ya Hindi, yote yakimaanisha mtu wa kununua na kuuza. Moja likawa sifa. Lingine likawa tusi.

Aliyelifanya tusi kwa ustadi kuliko wote ni rais. Mwaka wa 1967 Tanzania ilitoa Azimio la Arusha, na lugha ya siasa ikajaa kupe, wanyonyaji na mabepari. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1969, Julius Nyerere akachapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, akaiita *Mabepari wa Venisi*. Angeweza kuandika mfanyabiashara. Angeweza kuandika tajiri. Tena kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja tu, Antonio. Nyerere akaweka wingi.

Kwa asili ya neno, hakukosea hata kidogo: bepari ni mfanyabiashara. Lakini hakuna msomaji wa Dar mwaka ule ambaye angelisoma hivyo tu. Tamthilia yenyewe inatuomba tumpende Antonio, mwenye meli, mkarimu, anayekopesha marafiki bila riba, na tumchukie Shylock anayetoza riba. Kichwa cha Nyerere kinawaweka wote wawili kwenye sentensi moja na kuuliza kama umbali kati yao ni mkubwa vile tumeambiwa. Meli za Antonio nazo zilibeba jasho la mtu. Huo ni uhakiki mzima kwa neno moja, na sijui wahakiki wangapi wangeweza kuufanya kwa kurasa ishirini.

Kenya hatukulibeba "bepari" kwa uzito huo. Serikali yetu ilikuwa na waraka wake wa mwaka wa 1965 uliojiita wa ujamaa wa Kiafrika, lakini kwa barabara watu waliona mambo mengine, na wakaunda neno la kuyaeleza: Wabenzi. Angalia ujanja wake. Katika nchi ambayo kila mjadala wa mali unageuzwa kuwa wa kabila, watu walichukua kiambishi cha kabila wakakibandika kwa gari la Mercedes-Benz. Wakamba, Waluo, Wakisii, Wabenzi. Neno linasema: hawa wako na kabila lao, na lugha yao ya nyumbani ni pesa. J.M. Kariuki, mbunge aliyekuwa tajiri mwenyewe, alionya dhidi ya nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi. Machi 1975 alionekana mara ya mwisho akitoka Hilton, hapa katikati ya mji, na mwili wake ukapatikana Ngong. Si neno "milionea" lililomuua. Ni kwamba alilitamka pamoja na lile la pili, ombaomba, kana kwamba moja ndilo lililozaa lingine.

Kuna kitenzi kimoja ambacho naona tumekidharau sana, nacho ni "kuchuma". Kuchuma ni kutoa tunda kwa mti, kutoa sukumawiki kwa shamba. Ndiyo hiyo hiyo ya kupata mali. Kutoka hapo tukapata chumo, na tukapata uchumi, neno ambalo leo linasomwa kwa taarifa ya saa moja na mtu wa tai, na ambalo serikali ililibandika mwaka wa 1975 juu ya maduka yake ya kuuza bidhaa za kila siku. Lakini chini ya tai bado kuna mtu ameinama kwenye jua.

Kinachonivutia kwa "kuchuma" ni kwamba kinakubali swali. Unachumia nani? Methali inasema mchumia juani hulia kivulini, na wengi tumeisoma shuleni kama ahadi: teseka sasa, utapumzika baadaye. Lakini ile "-ia" inabeba mahali na inaweza kubeba mtu. Mama anachumia watoto. Kibarua anachumia tajiri wake. Na kuna tusi la Kiswahili ambalo ningetaka lirudi tauni haraka: mchumia tumbo. Huyo hajaiba lazima. Anafanya kazi, anapata, lakini jibu lake kwa lile swali ni tumbo lake tu. Lugha ilimwona ikampa jina. Leo mtu huyo huyo tunamwita amejipata, tunamwomba siri ya mafanikio.

Kitenzi hicho ndicho watu hufikia pia ndoa inapovunjika. Hakuna anayesema "mali tuliyoomoka nayo". Wanasema mali tuliyochuma pamoja, na wote wanaelewa kwamba hapo kuna mikono miwili, hata kama hati ya shamba ina jina moja.

Si sisi tu tumekuwa na shida hii ya maneno. Toka tauni uelekee magharibi, upite Dagoretti, utafika Thogoto. Jina hilo ni Wagikuyu wakijaribu kusema "Scot". Wamisheni kutoka Scotland walihamia upande huo mwaka wa 1898 wakitoka Kibwezi, wakapata ardhi, wakajenga kanisa na hospitali, na mwaka wa 1926 Alliance High School ikafunguliwa hapo karibu, shule iliyotoa watu wengi walioongoza Kenya baada ya uhuru. Sasa, katika sheria ya zamani ya Scotland, mali ya mtu iligawanywa mara mbili. Kuna aliyorithi kwa baba, na kuna aliyojipatia mwenyewe, kwa kununua ama kwa kupewa. Hii ya pili iliitwa "conquest". Ndiyo, neno lile lile ambalo Waingereza wanatumia kwa kuteka nchi za watu. Mtu aliyenunua kashamba kwa jasho lake na mfalme aliyevamia jirani walikuwa chini ya neno moja.

Sisemi wamisheni wa Thogoto walikuja na kamusi mfukoni. Nasema ni lugha chache sana zinazojua kutenganisha kupata na kuteka, na kwamba eneo lote hilo, kutoka Kikuyu hadi Lavington, ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hilo. Mwenyeji aliyekuwa na shamba hapo kabla ya 1898 angekuwa na maoni yake kuhusu "conquest" inamaanisha nini.

Kitabu kinachojua zaidi kuhusu haya yote, kwangu, ni *Shetani Msalabani*. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetuacha Mei 2025, aliandika rasimu yake ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka wa 1978. Ikachapishwa 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka 1982. Kila mtu anakumbuka pango la Ilmorog, ambako wezi na wanyang'anyi wa kisasa wanashindana nani ni bingwa. Mmoja anawaza kuuza udongo kwa vyungu vidogo na hewa kwa mikebe, ili maskini walipie hata kupumua. Watu husema ni kejeli, wanacheka, wanafunga kitabu. Lakini sikiza lugha ya wale washindani. Hakuna anayesema ameomoka. Hakuna anayesema alijipata. Sheria ya mashindano ni kwamba lazima ueleze: uliiba nini, kwa nani, kwa njia gani. Kila hotuba ina mtendaji na mtendewa. Wezi wa Ngũgĩ wanasema ukweli zaidi ya watu wengi wanaohojiwa kwa redio asubuhi kuhusu safari yao ya mafanikio.

Upande mwingine wa kitabu kuna Wangari, mama aliyepigania uhuru, ambaye alikuja Nairobi kutafuta kazi yoyote na akaishia kukamatwa kwa sababu anaonekana kama mtu asiye na kazi. Baadaye anawaletea polisi wezi wenyewe, wakiwa wameshakiri kwa mdomo wao, na anayekamatwa tena ni yeye. Ngũgĩ alikuwa na hasira, na hasira yake mara nyingine inafanya wahusika wake wawe kama mabango ya maandamano. Hilo ni kosa la kitabu na halifai kufichwa. Lakini bango ama si bango, anatuonyesha mlipaji. Wangari ndiye ile sehemu ya sentensi ambayo "kuomoka" imeifuta.

Sheng nayo haikuwa kimya. Imekuwa na macho makali kuhusu pesa tangu kitambo. Ashu, mbao, finje, soo, thao, mita: ngazi nzima kutoka shilingi kumi hadi milioni, na kila kidato kina jina kwa sababu kila kidato kina maana kwa anayekipanda. Ina mbabi, mtoto wa kule kwenye ua na mbwa, na ubabi, mahali mbabi anatoka. Panda 46 upite Lavington ukiingia Kawangware, na utaona kwa nini hayo maneno yalihitajika. Ni mtaa na mtaa, barabara moja katikati, na wanaovuka kila asubuhi kwa miguu ni wa upande mmoja.

Sheng ilitupa pia sonko. Hapo lugha ilifanya kitu cha ajabu, kwa sababu sonko si mtu mwenye pesa tu. Sonko ni mwenye pesa anayeonekana akiitoa. Ni neno linalohitaji hadhira. Mike Mbuvi alilielewa hilo kuliko mhakiki yeyote, akalifanya jina lake. Alishinda kiti cha Makadara 2010, useneta wa Nairobi 2013, ugavana 2017. Kikosi chake cha Sonko Rescue Team kilitoa ambulansi na magari ya kubebea maiti bure, kwa watu ambao kaunti na serikali hazikuwafikia. Desemba 2020 Seneti ikamwondoa ofisini. Tukiacha mashtaka yenyewe kando, kama hadithi ya neno ni hadithi muhimu. Watu wa Nairobi walikuwa na njaa ya kitenzi cha kumfanyia mwingine, na kwa sababu hakikuwepo kwa ofisi, walikitafuta kwa mtu. Lakini sonko akishakupa, bado ni sonko na wewe bado ni wewe. Fadhila haikuhamishi mtaa. Hakuna aliyefanywa sonko na sonko.

Na "kutajirisha", kile kitenzi cha kufanya wengine wawe matajiri, kilienda wapi? Bado kiko. Fungua gazeti la Kiswahili utakikuta, mara nyingi kikiwa na "ji" mbele: maafisa waliojitajirisha kwa mali ya umma. Hiyo "-isha", iliyotengenezwa ili mkono umfikie mwingine, imekunjwa ikarudi kwa mfuko wa mwenyewe. Kama kuna mstari mmoja wa historia ya Kenya uliofichwa ndani ya sarufi, ni huo.

Serikali na mabenki walipoona nafasi hiyo imebaki wazi, waliijaza kwa maneno yao. "Kuwezesha" ndilo kubwa. Tuliwezeshwa na Hazina ya Uwezo, na sasa kila wikendi kuna mwanasiasa mahali fulani anawezesha watu wa bodaboda. Kisha ikaja hasla. Uchaguzi wa 2022 uliendeshwa kwa neno hilo na kwa picha ya wilbaro, na tarehe 30 Novemba mwaka huo Hazina ya Hustler ikazinduliwa: mkopo kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka. Naheshimu mtu aliyenunua nyanya za kuuza kwa soo tano za mkopo. Lakini kama msomaji naona jambo. Neno lililomaanisha mtu anayehangaika ili atoke kwenye kuhangaika likawa cheo cha kudumu, utambulisho, karibu kabila. Wabenzi walikuwa kabila tulilolicheka. Mahasla ni kabila tuliloandikishwa.

Kwa simu, ndugu zangu, Kiswahili kimepewa kazi ngumu. M-Pesa ilikuja 2007. M-Shwari ikafuata 2012, na shwari ni bahari ikiwa imetulia. Fuliza ikaja 2019. Kufuliza ni kitenzi cha zamani: kuendelea bila kusita. Leo "nimefuliza" maana yake pesa yangu imeisha lakini nimeendelea kutumia, na kesho kitu cha kwanza kuingia kwa simu kitakatwa. Lazima ukubali, kama ushairi, ni kazi safi. Mtu fulani alijua lugha. Alichukua neno la bidii na mwendo akalifunika juu ya deni, na likakaa vizuri kwa sababu ndivyo maisha yalivyo: tunaendelea bila kusita, na kinachotuendesha ni kile tunachodaiwa. Nani anapata wakati sisi tunafuliza? Kitenzi hakisemi.

Ndiyo maana mwaka wa 2024 ulinishangaza kama mtu anayependa maneno. Vijana walioingia tauni Juni ile kupinga Mswada wa Fedha hawakubeba "ubepari" wala "unyonyaji". Walibeba mtu mmoja mfupi wa kwenye Biblia: Zakayo. Rais alikuwa ameshapewa jina hilo kwa sababu ya kodi, na wito ulikuwa kwamba ashuke kwa mti. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni. Vijana waliuawa kwa risasi. Siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi mswada huo.

Utani ule ulikuwa na akili kuliko wengi walivyoupa. Zakayo wa Injili ni tajiri, na hadithi inasema wazi utajiri wake umetoka wapi: ni mkuu wa watoza ushuru. Hakujipata. Alipata kutoka kwa majirani zake, na majirani wanamjua. Lakini mabango yalisimama kwenye mkuyu. Hadithi haiishii hapo. Anaposhuka, Zakayo anaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa atarudishiwa mara nne. Kushuka ni mwanzo tu. Kinachofuata ni hesabu. Tuliimba sehemu ya kushuka kwa sauti kubwa sana, na sehemu ya mara nne bado haijapata wimbo. Nadhani ni kwa sababu hatuna kitenzi chake cha kila siku. "Kurudisha" tunacho, lakini nani Nairobi amewahi kukisikia kikitumika kwa pesa kubwa?

Najua jibu ambalo msomaji wa miaka ishirini na tatu, mwenye digrii na bila kazi, ananiandalia. Atasema: wacha maneno yetu. Tunasema "kujipata" kwa sababu hakuna mtu alitupata. Hakuna serikali ilitushika mkono, hakuna mjomba alipiga simu. Neno ni ripoti ya ukweli. Na ana haki. Kuna heshima ndani ya ile "ji". Msichana aliyejilipia karo kwa kusuka nywele Kangemi hadaiwi na mtu maelezo ya sarufi. Ukimwambia kwamba alisaidiwa na jamii, atakuuliza jamii gani, na utakosa jibu.

Lakini mwangalie msichana huyo huyo mwisho wa mwezi. Mshahara ukiingia, kabla ya kodi ya nyumba, anatuma kwa mama. Anamlipia ndugu yake mtihani. Anaweka ya chama. Kumi na wawili kila mwezi, pesa inazunguka, mwezi huu ni friji ya yule, mwezi ujao ni tanki la maji la yule mwingine. Na sikiza maneno ya hapo: kuchangiana, kusaidiana, kuinuana, kushikana mkono. Yote yanaishia na "-ana". Si "-ka" ya kujitokea. Si "ji" ya peke yangu. Si "-isha" ya sonko anayemwaga kutoka juu. Ni kile kipande cha Kiswahili kinachosema tendo limeenda na limerudi.

Sitaki kuipamba "-ana" kupita kiasi. Harambee ilikuwa neno la aina hiyo, wito wa watu kuvuta pamoja, na tuliona wanasiasa wakigeuza kuvuta kuwa kutoa hundi mbele ya kamera. Vyama navyo vina wanaotoroka na zamu yao. Na kutuma nyumbani kila mwezi kunaweza kummaliza mtu. Wengi hawaomoki kamwe kwa sababu wanainua wengine sita. Lakini hayo ndiyo mambo ambayo hadithi zinapaswa kuyaingia, kwa sababu hapo kuna uzito. Hapo mtu anachagua.

Hii inanirudisha kwa sisi tunaoandika. Hadithi nyingi za Nairobi ninazosoma siku hizi zina mhusika anayeomoka kati ya sura mbili. Sura ya tatu yuko Kawangware 56, maji hakuna. Sura ya nne yuko Kilimani, anamimina mvinyo. Pesa imeingia wakati msomaji amegeuza ukurasa. Mwandishi anatueleza alivyojisikia, alivyovaa, marafiki waliomwacha. Lakini ilitoka wapi? Nani alimlipa, na huyo aliilipa kutoka kwa nini? Kuna yaya? Anapanda 46 ya saa kumi na mbili unusu? Anapewa ngapi? Kuna methali ya Kiswahili kuhusu maskini akipata na makalio yake kulia mbwata, na hadithi zetu zinapenda sana hayo makofi ya makalio. Ziingie pia kwa lile neno la katikati. Akipata. Alipata vipi?

Hatuhitaji kupiga marufuku "kuomoka". Lugha haipokei amri, na neno hilo lina raha yake. Lakini tuna kitenzi kizee, cha shamba, kinachojua kuuliza. Mhusika wako akiomoka kwenye ukurasa wa hamsini, tafadhali, kabla hujamnunulia gari, muulize kwa Kiswahili cha nyanya yako anachumia nani, na alikochuma ni shamba la nani.